Seli Isiyo na Kiini

Waalimu wa elimu ya viumbe, wanapowafundisha wanafunzi maumbile ya seli, aghalabu huchora duara lenye utando kwa nje, kiini katikati, na baina ya viwili hivyo ute mzito wa saitoplazimu uliojaa viungo vidogo vidogo. Na mwanafunzi huondoka darasani akidhani kwamba kila seli ulimwenguni imefanana na mchoro ule. Mchoro huo una manufaa yake, walakini hakuna seli iliyoumbwa ili iwe seli tu: iliyomo katika msuli imeumbwa ili ijikaze na kulegea, iliyomo katika neva ili ipeleke habari, na iliyomo katika utumbo ili ifyonze chakula. Atakaye kufahamu jinsi umbo linavyofuata kazi hatapata mwalimu bora kuliko chembe nyekundu ya damu, ambayo karibu kila kichorwacho katika duara lile yenyewe haina, na kila isichokuwa nacho kina sababu yake.

Kiini ndicho kinachohifadhi DNA, yaani maagizo ya kuundia karibu protini zote za mwili. Ribosomu huyasoma maagizo hayo yakishanakiliwa, zikaunganisha asidi amino moja baada ya moja hata protini ikamilike. Mitokondria hutumia oksijeni ili kupata nishati katika sukari na mafuta. Nao utando huchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Chembe nyekundu inapoanza kukua ndani ya uboho wa mifupa huwa navyo vyote hivi, na kwa muda wa siku kadhaa huvitumia kwa bidii kujijaza himoglobini, ile protini yenye madini ya chuma iipayo damu rangi yake. Ikikaribia kukomaa hukisukuma kiini chake nje, kikamezwa na seli nyingine zilizo jirani. Kisha huingia katika mkondo wa damu ikiwa na mabaki ya ribosomu na mitokondria, na baada ya siku moja au mbili mabaki hayo nayo hutoweka. Ndivyo ilivyo kwa mamalia, ilhali ndege, vyura na samaki chembe zao nyekundu hubaki na kiini.

Faida ya kwanza ya kuacha huko ni nafasi. Chembe hii, ambayo upana wake ni takriban sehemu 7 au 8 tu za elfu moja za milimita, hubeba molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, na kila molekuli ina atomi nne za chuma, kila moja ikiweza kushika molekuli moja ya oksijeni. Faida ya pili ni wepesi wa kujikunja, kwa sababu chembe isiyo na kiini huwa bapa, imebonyea katikati pande zote mbili, nayo hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, na hata katika nyufa za wengu ambazo ni nyembamba zaidi, kisha ikarudia umbo lake la awali pasipo madhara. Faida ya tatu ni uaminifu: maadamu haina mitokondria, haiitumii hata chembe ya oksijeni iliyokabidhiwa, mithili ya hamali aliyetwikwa gunia la tende akalifikisha bila ya kuonja. Nishati yake huipata kwa kuivunja sukari bila ya oksijeni, njia ambayo pato lake ni dogo sana ukililinganisha na la mitokondria, lakini lamtosha mwenye mahitaji machache.

Faida hizo hazikupatikana bure. Seli isiyo na maagizo wala ribosomu haiwezi kuunda protini mpya, basi kinachoharibika ndani yake hakitengenezwi tena. Utando huchakaa, wepesi hupungua, na baada ya siku 120 hivi seli walaji za wengu, ini na uboho huitambua kuwa imezeeka, zikaimeza. Chuma chake hakitupwi, bali hurejeshwa katika uboho kuundia chembe nyingine, na kwa mtu mzima mwenye afya chembe mpya zaidi ya milioni mbili huundwa kila sekunde ili kufidia zinazokufa.

Upungufu huo wa viungo vya ndani umewafaa wanazuoni pia. Mwaka 1925, huko Leiden nchini Uholanzi, watafiti Gorter na Grendel walizichagua chembe nyekundu kwa sababu hazina utando mwingine ndani isipokuwa ule wa nje. Wakayatoa mafuta ya utando huo, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta kwamba eneo lake ni kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Hesabu zao zilikuwa na kasoro zilizofidiana, lakini natija waliyoifikia, kwamba utando wa seli una tabaka mbili za mafuta, imethibiti hata leo kwa karibu seli zote. Katika chembe hizi hizi Peter Agre, Mmarekani, aliigundua protini ambayo mwaka 1992 alidhihirisha kuwa ndiyo mlango wa maji katika utando, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Madhali chembe nyekundu imeweka karibu kazi yake yote juu ya protini moja, kosa dogo katika protini hiyo huwa msiba mkubwa. Himoglobini imeundwa kwa minyororo minne, na miwili kati yake ina asidi amino 146 kila mmoja. Na katika ugonjwa wa selimundu, kama alivyobainisha mwanasayansi Vernon Ingram katika miaka ya 1956 na 1957, asidi amino ya sita peke yake ndiyo iliyobadilika. Kwa badiliko hilo molekuli zilizokwisha kuitoa oksijeni hushikamana zikawa nyuzi ngumu, chembe ikapinda, wepesi wake ukatoweka, ikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Na umri wake, badala ya miezi minne, huwa siku 10 hadi 20 tu.

Ajabu ni kwamba hali hii haikufutika kwa kupita vizazi. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo, akaona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria waliorithi badiliko hili walikuwa wengi, baadhi ya jamii wakizidi mmoja katika kila watano, ilhali katika nyanda za juu, kusikokuwa na malaria nyingi, walikuwa wachache mno. Na mwaka 1954 akaonyesha kwamba aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa wa selimundu, bali hukingwa na malaria kali. Basi badiliko lile lile ni kinga kwa mmoja na balaa kwa nduguye aliyerithi kwa wazazi wote wawili.

Kwa mujibu wa maumbile haya, tiba ya kulikata shina la ugonjwa haiwezi kupatikana katika chembe nyekundu yenyewe, kwani haina kiini cha kusahihishwa. Lazima itafutwe katika seli mama za uboho, ambamo maagizo yangali yamehifadhiwa. Huko ndiko waliko wapandikizao uboho, na ndiko walikoelekea waliobuni tiba ya kuhariri DNA, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Gharama ya tiba hizo ingali nje ya uwezo wa wagonjwa wengi wa Afrika, lakini kipimo cha damu kabla ya ndoa si ghali hivyo, nacho huwajulisha wawili ambao kila mmoja amerithi badiliko hili kwa mzazi mmoja kwamba kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa na ugonjwa, wakaamua mambo yao kwa ilimu.