Ukurasa unaokula mega za mama

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha zamani alileta kazi yake kwenye kikundi chetu: ukurasa wa intaneti wenye bei za mihogo, mchele na mawese. Kwenye ordinatere yake ulifunguka upesi, tukapiga makofi. Kisha mama mmoja akajaribu kwa simu yake. Tulingoja mpaka maji ya chai yakachemka, kioo cheupe tu, na mega alizonunua asubuhi zikaisha.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Katika ukurasa, HTML inashika maneno na picha, CSS inapamba, JavaScript inatenda, kama kujumlisha bei ukibonyeza. JavaScript ilizaliwa 1995. Baadaye watu wakatengeneza vifaa tayari vya kujengea, vinavyoitwa fremuweki: React ya Facebook mwaka 2013, Vue ya Evan You mwaka 2014, Angular ya Google. Ni kama tofali zilizokwisha kuchomwa, mjenzi anaenda mbio. Lakini simu ya msomaji ndiyo inayobeba tofali zote: inazipakua, inazisoma, ndipo inaonyesha bei. Simu ya bei ndogo inachoka.

Kwa orodha ya bei ishirini, HTML peke yake inatosha. Nilipomwambia hivyo alinuna, maana alikesha miezi akijifunza React. Si hasara, kazi nyingi zinaidai. Ila ajue kwanza JavaScript yenyewe, kwa kuwa fremuweki zinazeeka. AngularJS ilitoka 2010. Google iliacha kuitunza Januari 2022, na waliotegemea hiyo tu walianza kujifunza upya.

Basi mama, mwanao akikuonyesha kazi yake, aifungue kwa simu yako, pale mtandao unapokuwa hafifu. Picha azipunguze uzito kabla ya kuziweka. Maneno yaonekane hata kama JavaScript bado haijafika.

Na ordinatere ya nyumbani isiwe ya wavulana tu! Kule Nairobi, AkiraChix inafundisha wasichana kazi hii tangu 2010. Mmoja wa waanzilishi wake, Angela Oduor Lungati, alichukua uongozi wa Ushahidi mwaka 2019, programu iliyozaliwa Kenya wakati wa vurugu za uchaguzi, ili wananchi waonyeshe kwenye ramani palipo na hatari.

Juzi kijana alirudi. Ameondoa React, na kati ya picha nne amebakiza moja. Mama yule alifungua, akaona bei mara moja, akasema ya mawese imekosewa.