Uwanja wa watoto ao parseli? Udongo mdogo wa Goma na franga ya wachimbaji

Tarehe 17 ya mwezi wa Januari 2022, ilitimia miaka 20 tangu moto wa Nyiragongo uliposhuka mpaka katikati ya mji wa Goma. Siku ile ya mwaka 2002, watu karibu 400,000 walikimbia. Karibu sehemu 13 kwa 100 za mji zilifunikwa na mawe ya moto, maduka ya katikati ya mji yakateketea, na upande wa kaskazini wa kiwanja cha ndege ukazikwa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitoka tena. Mara hii moto uliishia Buhene, pale mji unapoanza.

Katikati ya tarehe hizo mbili, Goma haikuacha kukua. Na kila mtu mwenye anatoka Rubaya, Numbi ao Walikale akiwa na franga kidogo mfukoni, anatafuta kitu kimoja: parseli mjini. Baba anabaki kwenye shimo, mama na watoto wanakuja kukaa Goma juu ya masomo na usalama. Ndiyo sababu habari ya udongo wa mji si kazi ya wakubwa wa ofisi peke yao. Inagusa jasho la mchimbaji moja kwa moja.

Mji umebanwa pande zote

Angalia namna Goma imekaa. Kusini kuna ziwa Kivu. Mashariki kuna mpaka, na ng'ambo yake ni Gisenyi. Kaskazini ni teritware ya Nyiragongo na volkano yenyewe. Magharibi, kwenye njia ya Sake, mji unasukumana na Parke ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925. Komini mbili, Goma na Karisimbi, na katiye zao 18, zinapashwa kubeba watu wote wanaokimbia vita na wote wanaofuata biashara ya madini.

Pale udongo ni mdogo hivyo, kila pahali wazi panaanza kuonekana kama franga inayolala. Uwanja wa mpira, kando ya barabara, kipande cha shule, pembeni ya soko: mtu anakuja na kamba, anapima, anapanda mawe ya mpaka. Nyuma ya miezi michache nyumba ya mbao imesimama. Ukiuliza, unaambiwa tu kwamba papiye ziko.

Lakini pahali wazi pana kazi yake. Mwezi wa Mei 2021 tuliona kazi hiyo kwa macho. Tarehe 27, gavana aliamuru katiye kumi zitoke mara moja: Majengo, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans. Njia ya Rutshuru ilikuwa imekatwa na moto. Wengine walivuka Gisenyi, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, na kundi kubwa likaingia kwenye njia moja ya Sake, kwa miguu, kwa moto, kwa gari, magodoro juu ya kichwa. Siku kama ile, barabara iliyoliwa na vibanda inaweza kuua, na uwanja wa shule ndiyo pahali mama anapumzisha watoto.

Tukumbuke pia Birere. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa piste na kuingia ndani ya maduka na nyumba. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa chini, kwenye shuguli zao. Piste ilikuwa fupi tangu moto wa 2002 ulipoifunika, na pale inapoishia hapakuwa na nafasi ya wazi. Kulikuwa watu.

Kuna pia pahali penye panabaki wazi juu hapafai kwa nyumba wala kwa mchezo. Karibu na ziwa, upande wa Himbi, Keshero, Lac Vert na Mugunga, mazuku yanatoka ndani ya udongo. Ni hewa nzito, haionekani, inalala chini kwenye mashimo. Mtu mzima anaweza kupita salama. Mtoto mwenye kuinama kuokota mpira anaanguka. Kuamua wapi kujengwe nyumba, wapi watoto wachezee na wapi pafungwe kabisa ni kuamua nani ataishi.

Nani anapashwa kuamua?

Kwa sheria, jibu liko. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inahakikishwa na ile karatasi Kifaransa inaita "certificat d'enregistrement". Udongo uliowekwa kwa kazi ya watu wote, kama barabara, uwanja ao soko, hauwezi kupewa mtu mmoja mpaka kazi yake ibadilishwe kwanza kwa njia ya sheria. Saini ya shefu wa avenyu na mashahidi wawili haiwezi kufanya hivyo.

Tena, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka mji uwe na baraza lake, lile la conseil urbain, lenye kujadili bajeti, barabara, masoko na programu ya maendeleo. Wajumbe wake wanapashwa kuchaguliwa na wajumbe wa komini, wale ambao raia wenyewe wamewachagua. Mpaka Januari 2022, miaka zaidi ya 13 ilikuwa imepita na uchaguzi huo ulikuwa haujafanyika. Nyuma ya état de siège kuanza tarehe 6 Mei 2021, mji uliongozwa na ofisa wa polisi. Basi uwanja ulipokatwa, raia hakuwa na mjumbe wa kumuuliza: ulipiga kura gani siku ile?

Na franga ya kutengeneza mji?

Hapa wachimbaji wengi wanauliza: madini yetu yanapita Goma kila siku, mbona hakuna hata kiwanja kimoja cha maana kwa watoto wetu?

Kodi ya madini, ile redevance, Kode ya madini iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2018 inaigawanya hivi: sehemu 50 kwa 100 zinaenda serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa sekta, shefferi ao mji wenye chimbo liko ndani yake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Goma iko na makontware, haina chimbo. Kwa hiyo ile 15 inabaki kule inakochimbwa, kama vile Walikale, pale kampuni ya Alphamin inatoa bati ya Bisie. Ni haki ya watu wa kule, na familia zilizobaki kule zinapashwa kuiulizia.

Goma yenyewe ingetazamia mlango mwingine. Katiba, katika artikle 175, inapatia majimbo 40 kwa 100 ya mapato ya taifa. Ndani ya hizo 40, sheria ya 2008 inataka miji, komini, sekta na shefferi zipate tena 40 kwa 100. Hesabu ni nyepesi: kwa kila franka 100, franka 16 zingerudi chini kwa raia. Kile kinachofika ni kidogo sana kuliko hicho. Na mji usio na franga unajaribiwa kuuza kile kilicho karibu na mkono wake, yaani udongo. Lakini parseli inauzwa mara moja tu. Mwaka unaofuata bajeti iko na njaa ileile, na uwanja haupo tena.

Nairobi walikataa

Mwaka 1989, serikali ya Kenya ilitaka kujenga jumba la gorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya raia katikati ya Nairobi. Wangari Maathai aliandika barua ofisi kwa ofisi, mpaka kwa wazungu wenye kutoa mkopo. Alitukanwa bungeni, na korti ikatupa mashtaka yake. Hakuacha. Wenye franga walirudi nyuma, na mwaka 1992 uzio uliondolewa. Bustani ilibaki ya watu. Hakuwa na jeshi wala cheo. Alikuwa na swali moja alilolirudilia kila pahali: kwa ruhusa ya nani?

Mbele ya kutoa franga

Swali hilo mchimbaji pia anaweza kuliuliza, na linaweza kuokoa jasho la miaka mitano. Mbele ya kulipa, uliza majirani wa zamani, si muuzaji: pahali hapa palikuwa nini? Wakikuambia watoto walikuwa wanacheza hapa, ao gari zilikuwa zinapita, simama. Nenda kadastri na kwa konservateri wa udongo, uone namba ya parseli ndani ya kitabu chao. Karatasi ya kuuziana peke yake haitoshi. Ikiwa parseli iko Buhene ao Munigi, ujue umetoka ndani ya mji: uko ndani ya shefferi ya Bukumu, na papiye zinafuata njia nyingine. Tena uliza moto ulipita wapi 2002 na 2021, na kama kuna mazuku karibu. Usinunue kwa simu ukiwa kwenye kariere, hata kama anayeuza ni ndugu.

Kisha, ukipata parseli yako, chunga pia uwanja wenye uko jirani nayo. Yule mwenye kukata uwanja leo atafika kwenye njia yako kesho. Na siku mlima utakapotoka tena, wewe utakuwa mbali, ndani ya shimo. Watoto wako watapita kwenye ile njia wakubwa wa mji watakuwa wameacha wazi.