Maji ya Mlimani na Mifupa ya Watoto

Mifupa na Viungo: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona kwamba mfupa ni tishu hai. Kuna seli zinazojenga, zinazotandaza nyuzi za kolajeni na kuzijaza chumvi ya kalsiamu na fosfati. Na kuna seli zinazomomonyoa kilichochakaa ili kijengwe kipya. Leo twende vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Huko utamwona mtoto wa shule mwenye miguu iliyopinda kuanzia gotini, na jirani yake ambaye magoti yanagongana anapotembea. Wote wawili ukiwaambia wacheke, meno ni ya kahawia. Kwa miaka mingi wageni wamesema kwa wepesi kwamba hao ndio watu wa huko walivyo. Sivyo hata kidogo. Hao ni watoto waliokunywa floraidi wakati mifupa yao ikijengwa.

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, lakini hilo peke yake lisingetosha kuleta madhara. Maji yakiwa na kalsiamu ya kutosha, floraidi huishikilia na kuzama. Maji ya ukanda huu ni ya magadi: sodiamu tele, kalsiamu haba. Floraidi haipati cha kushikamana nacho, hivyo hubaki imeyeyuka na kusafiri hadi kisimani na mtoni. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto Ngare Nanyuki umepimwa ukakutwa na zaidi ya 20. Tanzania iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4, kwa kuwa kushika kile kiwango kidogo kungefunga visima vingi ambavyo havikuwa na mbadala. Baadaye nasi tukaingia kwenye 1.5. Kiwango kilichoandikwa ofisini, hata hivyo, hakibadilishi kilichomo ndani ya ndoo.

Floraidi ikishaingia tumboni hufyonzwa upesi hadi kwenye damu. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, na karibu yote inayobaki, takribani asilimia 99, huhifadhiwa mifupani na kwenye meno. Huko huchukua nafasi ya chembe fulani ndani ya fuwele za mfupa na kukaa miaka na miaka. Mtoto huzuia mwilini sehemu kubwa zaidi kuliko mtu mzima, kwa sababu mifupa yake inakua na ina njaa ya madini. Akiwa hapati kalsiamu ya kutosha, mambo huwa mabaya zaidi: mfupa laini unabebeshwa uzito wa mwili, na matege yanaanza.

Kwa mtu mzima ugonjwa una sura nyingine. Floraidi huzichochea seli zinazojenga zifanye kazi kupita kiasi, na mfupa unazidi kuwa mzito. Ukitazama picha ya eksirei ya mkono wa mgonjwa wa namna hii, mifupa miwili kati ya kiwiko na kifundo ni myeupe kupita kawaida. Katikati yake, mahali penye utando mwembamba unaoiunganisha, pasipotakiwa kuonekana chochote kwenye picha, kumeota miiba ya mfupa. Utando wenyewe umegeuka mfupa. Hivyo hivyo kano zinazofunga pingili za mgongo hukauka na kukakamaa, hadi mtu anashindwa kuinama kuvaa viatu, na akitaka kutazama nyuma hugeuza mwili mzima. Uti wa mgongo ukibanwa, miguu hufa ganzi na kulegea.

Madaktari waliyaona haya kwa mara ya kwanza mbali sana na Meru. Mwaka 1932, Møller na Gudjonsson waliwapiga picha za kifua wafanyakazi wa kiwanda cha Copenhagen kilichosaga kriolaiti, jiwe lenye floraidi lililochimbwa Greenland. Walikuwa wanatafuta athari za vumbi kwenye mapafu, wakashangazwa na mbavu. Miaka mitano baadaye Kaj Roholm, naye wa Denmark, alichapisha kitabu kizima juu ya sumu hiyo, na mwaka huo huo ugonjwa ukaelezwa katika wilaya ya Nellore, India, miongoni mwa wanavijiji waliokunywa maji ya visima tu.

Mfupa mzito ungedhaniwa kuwa mfupa imara. Dhana hiyo ilijaribiwa Marekani kwa wanawake 202 wenye mifupa iliyodhoofika baada ya kukoma hedhi. Matokeo yalitolewa mwaka 1990 na Lawrence Riggs na wenzake wa Mayo Clinic: kwa waliopewa sodiamu floraidi kwa miaka minne, uzito wa mifupa ya kiuno uliongezeka kwa asilimia 35, lakini kuvunjika kwa mifupa mingine ya mwili kukaongezeka pia. Mpangilio wa ndani ulikuwa mbovu.

Turudi jikoni, maana hapo ndipo tunapasahau. Makande yakipikwa kwa kuni chache hutiwa magadi ili maharage yaive upesi. Mlenda nao hutiwa. Magadi yanayouzwa kwa mafungu sokoni mengi huchotwa kwenye kingo za maziwa na mabonde ambako maji yamekauka, na floraidi iliyokuwa majini imebaki humo. Kiasi chake hutofautiana mno kutoka fungu moja hadi jingine, na jicho haliwezi kutambua. Watafiti waliopima meno ya watoto nchini walikuta vijiji vyenye maji mazuri ambavyo watoto wake walikuwa na meno yaliyoharibika vibaya. Magadi ndiyo yalikuwa chanzo. Mama anayetaka maharage yaive upesi na ayaloweke usiku kucha.

Kuchemsha maji hakusaidii. Huua vijidudu, ila floraidi hubaki yote, na maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyokolea. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi na Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, na ng'ambo ya mpaka na Kanisa Katoliki, Jimbo la Nakuru. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo hadi iwe myeusi. Ikiungua ikawa myeupe, nguvu yake hupotea. Isipoiva, maji hunuka. Maji yakipita katika punje za mkaa huo, floraidi hunaswa na madini yale yale ambayo yangeinasa ndani ya mwili wa mtoto. Chujio hujaa baada ya muda, na ladha ya maji haibadiliki kukuonya, kwa hiyo lazima maji yapimwe.

Pale ambapo maji salama ni ndoo moja kwa siku, iwe ya mvua au ya chujio, ningeomba iwe ya watoto walio chini ya miaka minane na ya kupikia chakula chao. Nguo na vyombo vioshwe kwa maji yale mengine. Mtoto mchanga anyonye ziwa la mama, kwani maziwa hayo yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji mabaya. Uji wa kopo uliokorogwa kwa maji ya kisima kile kile haumlindi.

Mtu akihama na kunywa maji mazuri, mifupa huachilia floraidi polepole kwa miaka. Madoa ya meno hayaondoki yenyewe, na matege makubwa huhitaji upasuaji wa kukata mfupa na kuunyoosha. Mtoto aliyenyooshwa miguu akirudishwa kwenye kisima kile kile kabla hajamaliza kukua, kuna hatari ipinde tena. Kabla ya kumruhusu atoke wodini, daktari amuulize mzazi wanachota maji wapi, na jibu liandikwe kwenye faili.

Juma lijalo: gegedu, ute wa viungo na jongo.