Nani Ataziba Ule Ufa wa Uwanja?

Ujumbe uliingia saa kumi na moja alfajiri, nikiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, miguu nimeiweka juu ya kiti cha pili na kikombe cha chai mkononi. Ulitoka kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma chuo changu cha uuguzi, nyumbani Tanzania. "Ndugu wanachuo, kamati imeazimia kukarabati uwanja wetu wa netiboli na kujenga jukwaa la kisasa la watazamaji." Chini yake viwango vya mchango. Mwanachuo wa kawaida, shilingi 50,000. Aliyewahi kuchezea timu ya chuo, 150,000. Aliyewahi kuchezea timu ya chuo na sasa yuko nje ya nchi, pauni 200.

Nilicheza senta miaka yote mitatu ya diploma, na niko London. Kwa hiyo mimi ni wa pauni 200.

Sikujibu. Mwezi ule nilikuwa nimeshatuma ada ya mdogo wangu wa mwisho na hela ya dawa za presha za mama. Kilichobaki nilikuwa nakiweka kwa ajili ya maombi ya ukaazi wa kudumu, ambayo ada yake inazidi pauni 2,800 kwa mtu mmoja, na sisi nyumbani ni watatu. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Nikazima simu, nikarudi wodini kugeuza wagonjwa.

Nilipoamka mchana nikakuta ujumbe zaidi ya mia. Mmoja wa kaka zetu alikuwa ameandika: "Ninyi wachezaji mlikula chuo, sasa rudisheni." Akaorodhesha tulivyokula: hatukushika fagio siku za mechi, tulipanda Coaster kwenda kushindana na vyuo vingine wakati wenzetu wako darasani, na tukirudi na kombe tulipewa chipsi kuku na soda. Soda mbili, kama tumefika fainali. Yote kweli. Ila yale makombe yalibaki kwenye kabati la kioo ofisini kwa mkuu wa chuo, na kila mgeni aliyefika alioneshwa. Tukianza kudaiana, na sisi tuna daftari letu.

Halafu kuna jambo lingine ambalo hakuna aliyelitaja. Kwenye fomu zetu za kujiunga na chuo, kati ya mstari wa kitambulisho na mstari wa tahadhari ya vifaa, kulikuwa na mstari wa michezo. Tulilipa wote, aliyecheza na asiyecheza, kila mwaka. Ule uwanja ulikwisha changiwa zamani sana, na watoto waliopo sasa bado wanauchangia. Ndiyo maana swali la kama mchezaji wa zamani anapaswa kuchangia viwanja vya alikosoma halijibiwi kwa kusema "kumbuka ulikotoka". Tunakumbuka. Tunataka kujua pia ile ya kwanza ilikwenda wapi.

Ningeweza kuishia hapo na kulala vizuri. Tatizo ni kwamba nilikuwa uwanjani siku ile goti la mwenzetu lilipokatika.

Wasiocheza netiboli, au mpira wa pete kama mama zetu wanavyouita, niwaeleze kidogo. Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na kanuni hairuhusu kukimbia na mpira. Ukiudaka ukiwa kasi, unatakiwa kusimama pale pale, mguu uliotua kwanza usiondoke ukarudi chini kabla hujaachia mpira. Mwili mzima unakuja mbele, goti linabaki kuushika. Ndani ya goti kuna kano fupi linalozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele, na kwenye michezo ya kuruka, kutua na kugeuka ghafla, wanawake hukatika kano hilo mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Haya niliyasoma baadaye, huku Uingereza, nilipokuwa natafuta digrii. Wakati ule nilichojua ni kwamba uwanja wetu wa saruji ulikuwa na ufa ndani ya nusu duara la goli, upana wa vidole vitatu, na kwamba kila mwalimu wa michezo alituambia "mwangalie pale".

Mlinzi wetu wa goli aliangalia pale misimu miwili. Msimu wa tatu ilikuwa imenyesha asubuhi, aliruka juu ya mfungaji wao, akaupata mpira kwa usafi kabisa, akatua mguu mmoja kwenye ufa. Mimi nilikuwa mbali kidogo na nilisikia mlio. Wanafunzi wa uuguzi tulikuwa wengi pale, na hakuna aliyekuwa na barafu, bandeji wala ubao wa kumlaza. Tulimbeba kwa kanga. Hakuna aliyemgharamia upasuaji, na kwao hawakuwa nayo. Alimaliza diploma mwaka mmoja nyuma yetu, na leo ni muuguzi kwenye zahanati si mbali na chuo. Akishuka ngazi hutanguliza mguu ule ule.

Naye yumo kwenye kundi. Siku ya pili ya mabishano aliandika mstari mmoja: "Mimi hela ya jukwaa sina, ila ningekuwa nayo ningeanza na ule ufa." Ufa bado upo. Miaka kumi na zaidi, na bado upo, na wamekaa kikao kuzungumzia jukwaa.

Watu wakibishana mambo haya hupenda kutoa mfano wa Marekani, na kwenye kundi letu ulitolewa. Phil Knight alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Oregon chini ya kocha Bill Bowerman, wakaja kuanzisha pamoja kampuni iliyokuwa Nike, na fedha zake ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya kuujenga upya uwanja wa Hayward Field wa chuo hicho, uliofunguliwa mwaka 2020. Mwaka 2022 mashindano ya dunia ya riadha yalifanyika pale, na Faith Kipyegon wa Kenya akachukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye uwanja huo. Mfano mzuri wa kusimulia. Lakini Knight alitoa faida ya biashara kubwa ya viatu. Kuuchukua mfano wake na kumwekea muuguzi wa zamu za usiku kama kipimo ni kumtania.

Ya kwetu yanafundisha zaidi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, hakusubiri orodha ya mchango. Leo kuna shule zenye jina lake Kimara na Kibaha. Iten, Kenya, shule ya St Patrick's imetoa mabingwa kwa makundi, akiwemo Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988 na Matthew Birir wa kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika pale mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kufundisha kukimbia. Shule hiyo ina desturi ambayo naipenda sana: mwanafunzi wao akiwa bingwa, hupandwa mti shuleni kwa jina lake. Hapo shule ndiyo inamkumbuka mchezaji, na haimletei bili.

Ila Iten hiyo hiyo inaonesha upande wa pili. Uwanja wa Kamariny, ambapo mabingwa hao walifanyia mazoezi kwenye vumbi, ulianza kukarabatiwa na serikali mwaka 2017, kazi ikakwama kwa miaka. Lornah Kiplagat, aliyekimbilia Kenya na baadaye Uholanzi, alikuwa amejenga mwenyewe kituo cha mazoezi mjini hapo. Kwa hiyo mabingwa wakiwa wengi namna gani, mwenye jukumu la uwanja wa umma ni mwenye kukusanya kodi. Mchango wa mchezaji unaziba nyufa. Ukianza kuziba bajeti nzima, aliyekula bajeti analala usingizi.

Mwaka 2019 Kombe la Dunia la netiboli lilichezwa Liverpool. Uganda ilikuja, Malawi ilikuja, Zimbabwe na Afrika Kusini pia. Sisi Tanzania hatukuwepo. Nilikaa mbele ya skrini siku za mapumziko nikiwashangilia She Cranes wa Uganda kama wa kwetu, hasa Peace Proscovia, aliyesoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Ndejje kabla ya kuja huku kuchezea Loughborough. Nikawaza, huyu alitua wapi alipokuwa anajifunza kuruka hivi? Kuna mtu alihakikisha sakafu haina shimo.

Na mimi mwenyewe, nikisema ukweli, netiboli haikunileta Uingereza. Nililetwa na mtihani wa Kiingereza, mtihani wa vitendo wa uuguzi na mkopo wa shangazi. Lakini baridi yangu ya kwanza hapa, nilipokuwa nalia chooni kazini kisha nanawa uso, mfanyakazi mwenzangu kutoka Jamaika aliniuliza kama nimewahi kucheza. Jumatano ile jioni nilisimama kwenye uwanja wa halmashauri, taa zinawaka, sakafu imenyooka kama meza, nikavaa kizibao chenye herufi C. Nilidaka mpira wa kwanza na mguu ukasimama wenyewe. Marafiki zangu wa kwanza London niliwapata pale. Mguu ule ulifundishwa kwenye saruji yenye ufa. Hilo ni deni, nalikubali, ila si la pauni 200 kwa sababu kamati imesema.

Basi nikaandika. Ujumbe mrefu, kwa heshima, kwa sababu kwenye kundi wapo waliotufundisha. Nilisema jukwaa na kibao cha marumaru cha majina ya wafadhili visubiri. Tuanze na ufa, nguzo mbili za goli, na sanduku la huduma ya kwanza ambalo ufunguo wake hauko kwa mtu aliyesafiri. Fundi akague, atoe makadirio yenye sahihi. Hela ziwekwe kwenye akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao awe mtu ambaye si wa ofisi ya chuo. Kisha nikauliza, kwa upole, ule mchango wa jezi wa miaka minne iliyopita uliishia wapi, maana jezi hatukuwahi kuziona hata kwenye picha. Na nikaomba kiwango kiwe kimoja kwa wote, cha hiari, na waliopo masomoni au waliofika nje juzi wasiandikwe kabisa. Mtu anayelipa deni la safari huwezi kumsoma jina hadharani kila Ijumaa.

Majibu yalikuja. Mmoja aliandika, "Dada, umekuwa Mzungu." Mwingine akaweka picha za kucheka. Mweka hazina alinyamaza siku tatu. Aliyevunja ukimya ni mwalimu wetu wa zamani wa michezo, mzee sasa, amestaafu: "Mwanangu, maswali yako ni ya haki. Hata mimi jezi sikuziona. Ila usiache kwa sababu ya jezi." Nililia kidogo, sijui kwa nini.

Kwa wale mnaoishi huku na mna makundi kama letu, jambo moja la kiutendaji. Kikundi kikisajiliwa Uingereza kama shirika la hisani, mlipa kodi akitoa pauni 1, serikali huongeza peni 25 kwa utaratibu wa Gift Aid, bila yeye kuongezewa gharama. England na Wales, kikundi cha hisani chenye mapato yanayozidi pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida hutakiwa kujisajili kwa Charity Commission. Faida kubwa kwangu hata si zile peni. Ni kwamba lazima mtunze hesabu, na mtu yeyote anaweza kuziomba. Kundi letu halijafika huko, tuko wanne tu Uingereza na mmoja wetu hajibu simu.

Makadirio ya fundi yalikuja wiki iliyopita: shilingi 1,900,000 kwa kuchimba ufa, kumimina upya nusu ya uwanja ule wa goli na kusimika nguzo. Jukwaa limeahirishwa, ingawa mwenyekiti ameandika "kwa sasa" mara mbili. Kiwango kimekuwa kimoja. Nimetuma pauni 60, ambazo ndizo nilizonazo bila kugusa za mama.

Na tulihitaji mtu wa karibu wa kusimamia fundi. Wote tulijua ni nani, tukasubiri ajitolee mwenyewe, akajitolea. Jumapili alinipigia video akiwa uwanjani. Aliigeuza kamera chini, akaingiza kandambili ndani ya ufa kunionesha kina chake, kandambili ikasimama wima.

"Senta," akasema, bado ananiita hivyo, "waambie saruji wanayoleta niione kabla hawajachanganya. Hapa hapa nitasimama."

"Usisimame sana, goti," nikamwambia.

"Nimekuja na kiti."