Papa Humuuma Mtu; Je, Humla?

Si ajabu kusikia ikisemwa kwamba fulani "ameliwa na papa", ilhali majeruhi mwenyewe yu hai hospitalini na viungo vyake vyote anavyo. Kitenzi kula kimetwaa mahali pa kuuma, na msemaji hata hakutambua. Makala haya yanakusudia kuvitenganisha vitenzi hivyo viwili kwa kumtazama papa mwenyewe: anakula nini, anakitambuaje, na kwa nini ni nadra sana binadamu kuwamo katika chakula chake.

Kwa msomaji wa Lubumbashi au Kisangani, ugumu huanzia kwenye jina. Papa kwake ni kwanza baba mzazi, kwa athari ya Kifaransa. Kisha ni Baba Mtakatifu wa Roma. Samaki huja wa tatu, tena kwa njia ya vitabu vya pwani. Kwa sababu hiyo, anapotaka kumwaza mnyama wa majini alaye watu, picha inayomjia ni ya mamba. Mamba wa mito na maziwa ya Afrika humvizia mtu ukingoni kama amviziavyo swala, akamzamisha, akamla. Papa akipimwa kwa kipimo cha mamba, lazima atahukumiwa vibaya.

Wataalamu wa viumbe wamekwisha kuainisha zaidi ya spishi 500 za papa, na walio wengi hawawezi kumdhuru mtu hata wakitaka. Wapo wasiofika urefu wa mkono, wakaao katika vina visivyofikiwa na mwanga. Wapo waviringao midomoni mwao kaa na konokono wa bahari wakawaponda. Aliye mkubwa kuliko wote, ambaye wavuvi wa Mafia nchini Tanzania humwita potwe na wale wa Kenya papa shilingi kwa ajili ya madoadoa ya mgongoni, huchuja maji apate uduvi na viumbe vidogo vinavyoelea. Waogeleaji humkaribia pasipo hofu. Aina zinazolaumiwa kwa vifo vingi vya watu ni tatu: papa mweupe, papa mwenye milia kama ya chui milia, na yule apendaye kuingia mitoni ambaye kusini mwa Afrika hujulikana kwa jina la mto Zambezi.

Milango ya fahamu ya papa ni mingi kuliko yetu. Husikia kishindo cha samaki aliyejeruhiwa tangu mbali; hunusa; huhisi mtikisiko wa maji kwa mstari wa vihisio uliopita ubavuni mwake. Zaidi ya hayo, puani na kandokando ya mdomo ana vitundu vilivyojaa ute, ambavyo Mwitalia Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678 bila kujua vilikuwa vya kazi gani. Ilibidi kungoja karibu miaka 300, hadi Adrianus Kalmijn alipodhihirisha mwaka 1971 kwamba kwa vitundu hivyo papa huhisi umeme hafifu utokao mwilini mwa kiumbe hai, hata kilichojifukia mchangani. Kiungo kimoja tu hana: mkono. Kitu asichokifahamu hana budi kukijaribu kwa mdomo. Mtoto mchanga naye hufanya vivyo hivyo, ila mtoto hana meno makali ya msumeno.

Papa mweupe ndiye aliyechunguzwa zaidi. Akiwa mchanga hula samaki, na meno yake ni membamba ya kuchomea. Anapopita urefu wa mita tatu hivi meno hupanuka, naye huanza kuwinda sili, mnyama anyonyeshaye aishiye katika bahari za baridi na mwenye tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Mafuta hayo ndiyo siri ya jambo lote. Mwili wa papa huyu huhifadhi joto kuliko wa samaki wengi, na joto lina gharama yake. Hesabu iliyofanywa mwaka 1982 ilionyesha kwamba kilo 30 za mafuta ya mnyama wa bahari zingeweza kumtosha papa mkubwa mwezi mmoja na nusu. Utafiti wa Australia wa mwaka 2013 ulipunguza muda huo hadi wiki mbili hivi. Hata kwa hesabu hiyo ya pili, binadamu ni mlo duni: mifupa mingi, mafuta machache. Papa mwenyewe huweka akiba yake ya mafuta katika ini, na wako wanaolijua hilo. Mwaka 2017, karibu na Gansbaai nchini Afrika Kusini, mizoga ya papa weupe ilitupwa ufukoni ikiwa imenyofolewa ini. Waliofanya hivyo ni nyangumi wauaji.

Mkasa wa Mwaustralia Rodney Fox waeleza hayo vizuri kuliko takwimu. Mwezi Desemba 1963 alikuwa katika mashindano ya kuvua kwa mkuki kusini mwa Australia, na samaki aliowachoma walikuwa wamefungwa kwenye boya lililounganishwa kwa kamba na mshipi wake. Papa mweupe akamkamata kifuani, akamwachia. Fox alipoibuka juu, papa alirudi, lakini safari hii alimeza boya na samaki, akamburura mtu chini kwa ile kamba hadi ilipokatika. Fox alishonwa nyuzi mamia, akapona, na baadaye akawa mtetezi wa papa. Hapa vitenzi vyetu viwili vimetengana mbele ya macho: mtu aliumwa, samaki waliliwa.

Kwa nini basi anauma? Juu ya swali hili wataalamu hawajakubaliana. Wengine hushikilia kwamba papa hukosea: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walionyesha kwamba kwa macho ya papa mweupe kijana, mtu alalaye juu ya ubao wa mawimbi, akitazamwa kutoka chini, hatofautiki na sili. Wengine, katika makala ya mwaka 2023, walijibu kwamba papa hakosei, bali huchunguza; kuuma ni namna yake ya kuuliza. Maoni haya ya pili yana nguvu zaidi, kwa kuwa kuumwa kwingi huwa kwa taratibu, pasipo kile kishindo ambacho sili hushambuliwa nacho. Hata hivyo, kwa mwenye kuulizwa tofauti ni ndogo: swali moja laweza kukata mshipa mkubwa wa damu.

Kwa mwaka 2024, kumbukumbu zinazotunzwa katika Chuo Kikuu cha Florida zilithibitisha matukio 47, dunia nzima, ya watu kuumwa bila kuchokoza. Upande wa pili, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba binadamu huua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka. Sinema ya Steven Spielberg ya mwaka 1975 iliziba masikio ya wengi wasisikie hesabu hiyo, na Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa sinema hiyo, alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea papa.

Nadra haimaanishi kamwe. Mnamo Julai 1945, manowari ya Kimarekani Indianapolis ilipozama katika Pasifiki, mamia ya mabaharia walibaki majini siku kadhaa, na papa wa bahari kuu wakala maiti na walio hai. Huko, chakula ni haba, papa hachagui. Aingiaye mitoni naye huwinda katika maji ya tope, ambamo macho hayamsaidii. Amefika Iquitos nchini Peru, maelfu ya kilomita ndani ya mto Amazon. Aina hiyo yapatikana pia katika pwani ya magharibi ya Afrika, kutoka Senegal hadi Angola, kwa hiyo mvuvi wa Moanda ana sababu ya kuijua. Lakini kati ya Matadi na Kinshasa yamo maporomoko ambayo papa hawezi kuyapanda. Aogaye Kisangani au Kalemie na amwogope mamba.