Kilo Nne na Nusu

Mtoto akitoka na kilo 4 na nusu, ndugu hufurahi. Bibi humpakata na kumsifu mama kwa kula vizuri. Mkunga anayeijua kazi yake, wakati huohuo, anakitafuta kisigino cha mtoto akichome apate tone la damu, na wenyewe humwona kama mtu aliyekuja kuwaharibia sherehe.

Sababu iko kwenye sukari. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, ila insulini ya mama haipiti. Mama akiwa na kisukari, kiwe cha siku zote au cha mimba, mtoto hupokea sukari ya kupindukia na kongosho lake humwaga insulini nyingi kuikabili. Insulini hiyo ndiyo humnenepesha, zaidi kifuani na mabegani. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark aliyaeleza haya tangu miaka ya 1950. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma papo hapo, lakini insulini bado imejaa mwilini. Saa moja au mbili baadaye mtoto huyohuyo anatetemeka, analegea, anakataa titi. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, na hao ndio wa kuogopwa. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita, wahudumu wengi huanza kuhangaika. Ndiyo maana maziwa ya kwanza, yale ya manjano, hayangoji wageni waondoke: anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, akishindwa akamuliwe na anyweshwe kwa kikombe, kisha apimwe tena.

Watoto hawa si wengi. Utafiti uliofanyika Muhimbili uliwakuta takribani 2 katika kila 100, ukihesabu kuanzia kilo 4. Lakini kichwa kikishatoka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena, mkunga ana dakika chache tu. Magoti ya mama huvutwa hadi kifuani, msaidizi akakandamiza juu kidogo ya kinena. Kukandamiza juu ya tumbo, kama wengi wanavyodhani, huzidi kulibana bega. Shingo ikivutwa kwa nguvu mishipa ya fahamu hujeruhiwa, na mkono ukaning'inia umegeukia ndani. Wengi hupona kwa miezi.

Mimba iliyopitiliza ni habari nyingine, ingawa watu huzichanganya. Baada ya wiki 42 kondo la nyuma huanza kuchoka. Mtoto anaweza kuendelea kukua, au akakonda tumboni na kuzaliwa na ngozi kavu inayobanduka na kucha ndefu. Akijisaidia ndani na kuvuta maji hayo machafu, mapafu huziba.

Tatizo ni kuzijua hizo wiki 42. Bujora, karibu na Kisesa kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, mama anaweza kukumbuka kwamba mimba iliingia wakati wa ngoma za Bulabo, yaani Juni. Juni ina wiki nne! Aliyeshika mimba angali ananyonyesha huenda hana hata hedhi ya kuhesabia. Mkunga hutumia futi kamba kutoka kinena hadi juu ya mji wa mimba, sentimita zikikaribiana na wiki, lakini mtoto mkubwa huudanganya mkanda huo: mimba huonekana imekwenda mbele kuliko ilivyo. Mama akianzishiwa uchungu kwa hesabu hiyo, anaweza kuzaa njiti mnene. Shirika la Afya Duniani hushauri kuanzisha uchungu wiki ya 41, ila kwa mwenye tarehe ya uhakika, na ndiyo maana linataka ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kliniki iliyoanza mwezi wa saba imeshachelewa kwa hilo.

Na mtoto wa namna hizi akizaliwa hapumui, Mwanza ina habari njema. Ni miongoni mwa mikoa 5 ambako wakunga wa vituo 30 walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere, na matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa takribani asilimia 40.

Na mama wa kilo 4 na nusu? Kama alikuwa na kisukari cha mimba, apimwe sukari tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata kama anajisikia mzima kabisa.