Je, Ni Dhambi Kumkimbia Ndugu?

Katekista mmoja, mzee aliyenipita miaka mingi, alikuja siku moja kukaa nami barazani nyuma ya Misa. Akaniambia: «Padri, nina jirani, mkristu mwenzetu. Kila nikitoka kwake ninarudi na moyo mzito. Leo ananisengenyea wenzangu, kesho ananisengenya mimi kwao. Nikifurahi ananicheka, nikinyamaza anauliza nina kiburi gani. Sasa usiku silali, na asubuhi mafundisho yananishinda. Lakini nikiacha kwenda kwake, si nitakuwa nimevunja amri ya mapendo?»

Nilimjibu upesi kwa maneno tuliyozoea sote: baba, chukua msalaba, vumilia, mwombee. Akashukuru kwa heshima, akaenda zake. Nami nikabaki na wasiwasi, kwa sababu niliona namna alivyokonda. Ndipo nikafungua tena maisha ya Mtakatifu Benedikto, ambayo seminarini tuliyasikia yakisomwa mezani, masikio yetu yakiwa zaidi kwenye sahani.

Benedikto alizaliwa Nursia, katika nchi ya Italia, karibu na mwaka 480. Habari zake twazipata kwa Papa Gregori Mkuu, aliyeziandika mwaka 593 na 594 katika kitabu cha pili cha Mazungumzo yake na shemasi Petro. Kijana huyu aliacha masomo ya Roma, akaishi miaka mitatu pangoni, Subiaco. Wamonaki wa monasteri moja ya jirani, ambayo mapokeo yanaiweka Vicovaro, walifiwa na abati wao, wakaja kumsihi awe mkubwa wao. Alikataa siku nyingi, akawaambia wazi kwamba mwenendo wake na wao hautapatana. Wakashikilia, akakubali. Kisha, walipoona anawakataza yale waliyoyazoea, wakamchukia, hata wakatia sumu katika divai yake. Alipokibariki chombo kwa ishara ya msalaba, kikavunjika kana kwamba kimepigwa jiwe.

Benedikto hakupiga kelele. Uso wake ulibaki mtulivu. Akawaombea huruma ya Mungu, akawakumbusha kwamba aliwaonya mapema, akawaambia wajitafutie baba mwingine. Akarudi katika upweke wake.

Hapo shemasi Petro anauliza swali lilelile la katekista wetu: je, ilikuwa vema kuwaacha watu aliokubali kuwatunza? Jibu la Papa tulisome polepole. Pahali penye watu wema wanaoweza kusaidiwa, asema, wabaya wavumiliwe pamoja nao. Lakini pasipo tunda lolote, na hasa kama kuna kazi nyingine iliyo karibu yenye faida zaidi kwa Mungu, taabu hiyo ni bure. Wale wote walikuwa wameungana juu yake: angebaki kwa ajili ya nani? Anamkumbusha Petro habari ya Mtume Paulo, aliyeteremshwa ukutani Damasko ndani ya kikapu. Paulo hakuogopa kufa. Aliitunza nguvu yake kwa kazi iliyomngoja kwingine.

Tena Gregori aongeza jambo ambalo mimi nililipita mara nyingi bila kulielewa. Kama Benedikto angebaki kushindana nao kila siku, angejipoteza mwenyewe asiwapate na wao. Alipoondoka, alikaa na nafsi yake. Mwana mpotevu alipokuwa na nguruwe alikuwa nje ya nafsi yake, kwa maana Injili yasema kwamba baadaye aliirudia. Vivyo hivyo mtu anayewaza mchana kutwa maneno ya mwenye kumchukia: mwili uko kanisani, breviari iko mkononi, roho iko kwa jirani ikijibizana naye. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa katekista wangu, nami nilimpa dawa ya kuuzidisha.

Lakini tujihadhari, hasa ninyi wanaseminari. Wamonaki wale nao wangeweza kusema: mtu huyu anatuharibia furaha, tujiepushe naye! Si kila anayetuumiza ni sumu. Anayekuonya usoni pako ili upone, kaa karibu naye ingawa ulimi wake ni mkali. Na mwenzako anayekoroma chumba cha pili, huyo mvumilie tu.

Benedikto mwenyewe, alipoandika Kanuni yake, hakuweka kufukuza mahali pa kwanza. Katika sura za 23 hadi 28 ndugu mkosaji aonywa kwa siri, na kwa siri tena, kisha mbele ya wote, kisha atengwe na meza. Hata hapo wazee wenye busara watumwe kumfariji. Kumwondoa ni kwa mwisho. Na sura ya 29 yasema aliyetoka kwa kosa lake aweza kupokewa tena hata mara ya tatu.

Aliondoka mara ya pili pia. Padri mmoja wa jirani, jina lake Florensio, alimwonea wivu, akampelekea mkate wenye sumu, kisha akatafuta kuwaangusha vijana wake katika uchafu. Benedikto aliona kwamba chuki ile inamtafuta yeye, akawaachia wengine uongozi, akahama. Safari hiyo ilimfikisha Monte Cassino. Akiwa bado njiani, baraza alimosimama Florensio ilianguka ikamwua. Mwanafunzi wake Mauro akamtumia habari kwa furaha: rudi, adui amekufa! Benedikto akalia sana, kwa sababu ya kifo kile na kwa sababu mwanafunzi wake alikifurahia, akampa Mauro kitubio. Alikuwa amekwenda mbali na Florensio bila kumtoa moyoni.

Wengi wetu hatuwezi kuhama. Barua ya askofu imetuweka nyumba moja. Lakini twaweza kuacha kukaa barazani saa ya masengenyo, kutomfungulia kila siri, na kumtafuta padri mwingine wa kumweleza mzigo wetu.

Nilikwenda mwenyewe kwa katekista kulisahihisha jibu langu. Aliacha yale matembezi ya jioni. Jirani anamsalimu mlangoni mwa kanisa, na alipougua alimpelekea maji na kuni. Nilipomwuliza kama yule mtu amebadilika, alicheka: «Bado, Padri. Lakini mimi ninalala.»